Kiambishi -ship na Mipaka ya u-: Uhakiki wa Tafsiri ya Maneno ya Cheo, Hadhi na Stadi
Ni kawaida kuchukulia kiambishi tamati -ship cha Kiingereza kuwa sawa na kiambishi awali u- cha Kiswahili. Usawa huo hudhihirika katika jozi ya citizenship na uraia. Vilevile leadership, kama uongozi, hutaja cheo, stadi na hata kundi la viongozi. Hata hivyo, usawa huo unalegalega katika kingship, kwa kuwa neno ufalme hubeba pia maana ya kingdom, yaani nchi inayotawaliwa. Horsemanship nalo huhitaji maelezo: ustadi wa kupanda farasi. Kwa hiyo, mfasiri anayebadilisha kiambishi kwa kiambishi bila kupima muktadha humwacha msomaji akikisia iwapo mfalme amepoteza hadhi yake au nchi yake.