Roki ya Kiselti: Pa Kuanzia

Wengi huingia katika roki ya Kiselti kwa mlango wa kelele. Huanza na Dropkick Murphys, kundi lililoundwa Massachusetts, Marekani, mwaka 1996. Huvutwa na mapigo ya panki, kisha wakadhani kwamba zumari za jadi zimetiwa humo kuwa pambo tu.

Heri mgeni aitafute kwanza machi ya kale ya O'Neill iliyopigwa kwa ala za jadi za Ayalandi, aisikilize hata aweze kuipiga mluzi. Hapo ndipo aweke santuri ya Horslips ya mwaka 1973, The Táin, iliyojengwa juu ya utendi wa kale wa vita vya kumpora fahali. Katika wimbo "Dearg Doom" atalisikia gitaa la umeme likitamka machi ile ile. Gitaa hilo halikuazima kitu, limerithi.

Kisha awaendee The Pogues, walioanza London mwaka 1982. Kwao filimbi ya bati, kodiani na banjo hazisindikizi, zinaongoza. Wapo wanaoshikilia kwamba Shane MacGowan, aliyefariki mwaka 2023, hakujua kuimba. Sauti yake ilikwaruza, ni kweli. Lakini wazazi wake walikuwa Waayalandi, naye alizaliwa Uingereza, na mimi nausikia ugeni huo katika kila mkwaruzo.