Beki kisiki mkataba ukiisha: hesabu ya Ottawa ya 2006

Kiangazi cha 2006, mabeki wawili wakubwa wa Ottawa Senators, Zdeno Chara na Wade Redden, walimaliza mikataba yao kwa pamoja. Miaka michache nyuma, klabu yenye fedha ingewalipa wote na mambo yakaisha. Lakini ligi ya hoki ya barafuni ya NHL ilikuwa imepoteza msimu mzima wa 2004–05 kwa mgogoro wa wamiliki na wachezaji, na iliporudi ilikuja na ukomo wa mishahara: dola milioni 39 kwa kila timu mwaka wa kwanza, milioni 44 mwaka uliofuata. Ottawa ikambakiza Redden kwa milioni 13 za miaka miwili. Chara, Mslovakia mwenye urefu wa sentimita 206 na uzito wa kilo zaidi ya 110, akaenda Boston Bruins kwa milioni 37.5 za miaka mitano. Wengi huutaja uamuzi huo kama kichekesho. Mimi nauona kama kosa la kipimo: ukimpima beki wa aina hii kwa hofu anayoitia, utamnunua ghali au utamwacha kwa bei ya hasara.

Hesabu za wakati ule hazikuwa za kipuuzi. Ligi ilikuwa imewaamuru marefa waadhibu vikali kila anayemkwamisha mwenzake kwa gongo au kumshika kwa mkono, na pasi ndefu ya kuvuka mistari miwili ikaruhusiwa. Mchezo ukawa wa kasi. Kwa mantiki hiyo, beki anayeanzisha mashambulizi hupanda bei, na beki wa mabavu huteremka. Redden alikuwa amemaliza msimu na pointi 50 za mabao na pasi za mabao katika mechi 65, na timu yake ilifunga mabao 35 zaidi ya iliyofungwa yeye akiwa barafuni, kiwango ambacho hakuna aliyekipita katika ligi nzima. Chara alikuwa na pointi 43, na dakika 135 za kukaa nje kwa adhabu. Kwa karatasi hiyo tu, hata mimi ningesitasita.

Tatizo ni kwamba karatasi haionyeshi mita zinazopotea. Kanuni za NHL zinaweka urefu wa gongo usiozidi inchi 63, lakini mchezaji mrefu kupita kiasi huweza kuruhusiwa hadi 65. Mpe gongo hilo mtu mwenye mikono ya Chara, na mshambuliaji anayeteleza kumkabili anakuta njia ya kati imefungwa kabla hawajagusana. Atasukumwa pembeni, karibu na ukuta, ambako nafasi ya kufunga ni finyu. Au atakirusha mbele bila mpango kile kisahani kinachochezewa, ili tu aepuke kugongwa. Hapo ndipo hofu inapofanya kazi, na si pale watu wanapokunjana mashati. Anayejua kwamba kilo 110 zinamjia huachia kisahani nusu sekunde mapema, na pasi ya mapema ni pasi mbovu. Hakuna refa anayeweza kupuliza filimbi kwa sababu mtu ameogopa. Kanuni mpya zilipiga marufuku mkono unaoshika na gongo linalokwamisha. Hazikugusa urefu wa beki wala mahali anapochagua kusimama. Kwa hiyo beki mfupi aliyezoea kushikilia ndiye aliyenyang'anywa silaha, huku Chara akibaki na zake karibu zote. Na tofauti ya bei kati yake na Redden ilikuwa dola milioni moja kwa mwaka, kama asilimia 2 ya ukomo wa milioni 44.

Mpinzani wa hoja hii ana jibu zuri mkononi. Msimu wa kwanza bila Chara, Ottawa ilifika fainali ya Kombe la Stanley. Boston, pamoja naye, ilishika mkia katika kundi lake, na Chara mwenyewe, kwa kipimo kile kile cha mabao yanayofungwa mchezaji akiwa barafuni, akamaliza na hasi 21. Ni kweli, na inatufundisha kwamba beki mmoja, hata awe mnara, hawezi kuficha timu iliyolegea. Lakini itazame fainali yenyewe. Ottawa ilifungwa mechi nne kwa moja na Anaheim, iliyokuwa na Scott Niedermayer na Chris Pronger, jitu jingine la kutisha. Pronger alifungiwa mechi ya nne kwa kumpiga kiwiko mpinzani, na Anaheim ikashinda hiyo pia, jambo linalopunguza makali ya hoja yangu, silifichi. Boston nayo, baada ya kumwajiri kocha Claude Julien mwaka 2007, ilipata mfumo wa ulinzi unaomfaa Chara, nahodha wake. Alitwaa tuzo ya Norris ya beki bora mwaka 2009, na 2011 akanyanyua kombe ambalo Boston ilikuwa imelikosa tangu 1972. Redden aliondoka Ottawa 2008, na kufikia 2010 New York Rangers walikuwa wamemshusha hadi timu ya ligi ya chini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mwili kama huo huumiza watu. Machi 2011, Chara alimgonga Max Pacioretty wa Montreal karibu na benchi. Kijana huyo akavunjika pingili ya shingo na kupata mtikisiko wa ubongo. Chara alitolewa mechini lakini ligi haikumfungia. Klabu inayomsaini beki wa namna hii inainunua siku hiyo pia, na isijifanye haikujua. Ndiyo maana swali la kuuliza mezani ni kama ulinzi wake ungesimama hata asipogonga mtu. Kwa Chara ulisimama, na Boston ilipomwongezea mkataba wa miaka 7 wa milioni 45.5 mwaka 2010, akiwa na miaka 33, ilikuwa inalipia mikono na akili ya kusimama, vitu visivyozeeka haraka. Kinachozeeka ni miguu: kugeuka na kumfukuza kijana aliyekwisha kukupita. Alipofika miaka 43, mwaka 2020, akaondoka Boston na kusaini na Washington mkataba wa mwaka mmoja, kwa dola 795,000.