Mwenye Nyumba ya Wageni

Katika sharika zetu za Usambara kuna maandishi ambayo hayahakikiwi, ingawa baada ya mahubiri huenda ndiyo tunayoyaandika kuliko yote: risala kwa wageni. Kinakuja kikundi cha ndugu wa kujitolea kutoka Ulaya, wanapaka rangi wodi, wanakaa wiki tatu, wanaagwa. Kamati inamwita mchungaji aandike. Nimeandika nyingi, kwa hiyo ninayoyasema hapa yananihusu mimi kwanza.

Chukua risala yoyote usome vitenzi vyake. Wageni walijenga, walileta, walifundisha. Sisi tulijengewa, tuliletewa, tulifundishwa. Lugha yetu inatupa kauli hiyo kwa urahisi mno, nasi tunaitumia mpaka inakuwa kama ungamo la imani. Baada ya mafanikio zinafuata changamoto, na changamoto zote ni vitu tusivyo navyo. Kisha maombi, ambayo ni vitu vilevile vikipangwa kwa bei. Msomaji asiyetujua atadhani hakuna mtu huku milimani aliyewahi kumgeuza mgonjwa kitandani kabla ya ndege kutua Kilimanjaro.

Siwabezi walioanza. Bethel ya Ujerumani ilianza mwaka 1867 kama nyumba ya wagonjwa wa kifafa, na mwaka 1877 ukaundwa pale udugu wa mashemasi wanaume ulioitwa Nazareti, watu waliofundishwa kuuguza. Misioni iliyoanza Mlalo mwaka 1891 ilifungamana na Bethel hiyo, na hivyo mashemasi wakaja Usambara. Lutindi, juu ya mashamba ya chai upande wa Korogwe, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliotolewa utumwani. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, ikapokea wagonjwa wa akili, watu ambao mahali pengi wangefungwa kamba tu. Mashemasi wale hawakuja kwa wiki tatu. Waliishi na wagonjwa na kufanya kazi nao, na mpaka leo shamba na karakana ni sehemu ya tiba pale Lutindi. (Kwamba watoto walitolewa utumwani chini ya serikali iliyowalazimisha watu wazima kufanya kazi kwa amri, hilo nalo halimo katika risala zetu.)

Ila vita vikaja, cha 1914 na tena cha 1939, na mara zote mbili Wajerumani wakaondolewa. Sharika zikabaki, shule zikabaki, wagonjwa nao hawakuacha kuumwa. Risala zetu zikifika hapo huandika kwamba wamisionari waliondolewa, kisha zinaruka hadi mwaka waliporudi, au walipokuja Waswidi na Wamarekani. Katikati ya sentensi hizo mbili wamo watu wazima waliofundisha, waliouguza, waliozika. Tumewafanya nafasi tupu kati ya nukta na herufi kubwa.

Ndipo narudi kwa Luka sura ya 10, kwa sababu kila risala humwita mgeni wetu Msamaria Mwema, na sina hakika kwamba tunaisoma habari hiyo mpaka mwisho wake. Ni kweli vitenzi vya Msamaria ni vingi, kimoja juu ya kingine, mafuta na divai na mnyama wake. Lakini alikaa usiku mmoja. Kesho yake alitoa dinari mbili, yaani ujira wa siku mbili za kibarua, akaahidi kulipa ziada atakaporudi, akaenda zake. Kama alirudi, Luka hasemi. Aliyebaki na majeruhi, na matandiko yenye damu, na chakula cha siku zilizofuata, ni mwenye nyumba ya wageni. Na hapa Kigiriki kinatusaidia: kitenzi cha kutunza alichokifanya Msamaria ndicho hichohicho anachomwagiza mwenye nyumba akifanye. Luka hakumpa kitenzi kidogo zaidi wala hakukigeuza kauli. Nilifaulu mtihani wa Kigiriki chuoni bila kuliona hilo.

Nje ya Biblia pia upo mfano. Mwaka 1886, katika mji wa Hazleton, Pennsylvania, wachimba makaa wa mawe 13 kutoka Hungaria walianzisha chama cha kidugu cha kusaidiana katika ugonjwa na kifo. Chama kikakua sana, lakini mwanzo wake kila bibi wa Lushoto angeutambua, maana ni chama cha kuzikana. Na kwenye chama cha kuzikana hakuna risala. Leo unachangia sanda, kesho unachangiwa. Ukisoma daftari lake, jina la mtoaji na la mpokeaji ni lilelile, tarehe tu ndizo tofauti.

Nilianza kuyawaza haya baada ya sherehe moja katika kituo cha kanisa ambacho sitakitaja. Nilikuwa nimesoma risala ya kurasa nne, nikapigiwa makofi. Wakati viti vinatolewa, mhudumu mmoja wa wodi, mama wa makamo, aliniuliza kama nimeiona picha iliyobandikwa ukumbini, ya ndugu mmoja mgeni akimlisha uji mgonjwa aliyepooza. Nikasema ni picha nzuri.

“Nzuri, Baba Mchungaji,” akasema. “Yule ninamlisha mimi, mwaka wa sita huu. Siku ile ya picha nilikuwa jikoni, napika pilau ya wageni.”

Hakulalamika. Alichukua viti vyake akaenda.

Risala iliyofuata niliiandika tofauti. Niliweka majina ya wahudumu wa wodi, miaka ya kila mmoja na kazi yake, kwa vitenzi vya kutenda. Ilirefuka kwa ukurasa mmoja. Mwenyekiti wa kamati akanirudishia, akisema kwa upole kwamba mgeni rasmi ana safari ya Tanga jioni na kwamba majina yale mgeni hayajui. Tulibishana, tukapunguza sehemu ya maombi. Majina yakasomwa, na ilinibidi kusimama kidogo baada ya kila jina, kwa sababu wahudumu waliokuwa nyuma ya ukumbi walikuwa wakiitika kama watoto darasani.