Upasuaji wa Pili wa Pituitari: Uvimbe Hutafutwa Palepale

Ugonjwa wa Cushing ukirudi baada ya upasuaji, dalili ni zilezile: uso unavimba na kuwa mviringo, mapaja yanakonda, ngozi inachubuka kwa kuguswa tu, shinikizo la damu linakuwa sugu kwa dawa. Chanzo ni kivimbe katika tezi ya pituitari, chini ya ubongo, mara nyingi kisichofika milimita 10. Kinamwaga homoni ya ACTH, nayo inazilazimisha tezi zilizo juu ya figo kutoa kotisoli usiku na mchana. Je, mgonjwa arudishwe chumba cha upasuaji, au apewe mionzi na dawa?

Mwaka 1989 timu ya Edward Oldfield, katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, iliripoti wagonjwa 33 waliopasuliwa tena. Kotisoli ilitulia kwa 24. Hesabu hiyo inaficha jambo kubwa. Kivimbe kilipoonekana na kutolewa peke yake, walifanikiwa 19 kati ya 20. Waliokatwa sehemu kubwa ya tezi, au tezi nzima, walifanikiwa 5 tu kati ya 12, na anayekatwa hivyo yumo hatarini kutumia homoni za vidonge maisha yake yote.

Kivimbe kitafutwe wapi, basi? Mwaka 2002 Oldfield na Robert Dickerman walichambua wagonjwa 68. Wale 43 ambao kivimbe chao kilikuwa kimeonekana mara ya kwanza, wote walikutwa na mabaki palepale au pembeni yake kabisa. Asilimia 62 ya wagonjwa wote walikuwa na uvimbe uliopenya utando wa dura, na kwa karibu wote hao ulipenya ubavuni, upande wa sinasi ya kavenosi. Kwa hiyo yanayoitwa marudio, mengi ni mabaki.

Ndiyo maana naamini upasuaji huu huamuliwa mezani, kwenye faili. Kwanza ithibitishwe kwamba kotisoli imepanda kweli, kwa mate ya usiku wa manane, mkojo wa saa 24 na kipimo cha deksamethasoni. Kisha isomwe ripoti ya daktari wa kwanza: aliona nini, upande gani, aliishia wapi? Maabara ilithibitisha uvimbe wa ACTH? Picha mpya ya MRI ni lazima, lakini kovu huweza kufanana na uvimbe, na vivimbe vingi vya Cushing havionekani hata kwa mtu ambaye hajawahi kupasuliwa. Daktari asiyeandika ripoti kwa makini anamnyima mgonjwa nafasi yake ya pili.

Njia ni ileile ya puani, ila alama zake zimeharibika. Mfupa wa katikati unaomwongoza mpasuaji huenda uliondolewa. Sakafu ya tezi imegeuka kovu, na kulia na kushoto kuna mishipa mikubwa ya karotidi inayolisha ubongo. Hapo mpasuaji anaongozwa na picha za kompyuta, na kabla ya kukata anagusisha kifaa chembamba cha doppler ili ausikie mshipa unapopiga. Anafuata kovu hadi kwenye shimo la zamani, anachunguza kingo zake, kisha ukuta wa pembeni. Dura iliyopenywa nayo hutolewa, ikiwezekana. Maji ya ubongo yakivuja, tundu huzibwa kwa mafuta ya mwilini au kwa kipande cha utando wa pua, kama hakikutumika mara ya kwanza.

Siku zinazofuata kotisoli hupimwa mara kwa mara. Ikishuka chini ya nanomoli 50 kwa lita, mgonjwa huhisi kichefuchefu na viungo kuuma, na anaanzishiwa haidrokotisoni, dawa inayochukua nafasi ya kotisoli; kwa timu ya upasuaji ni habari njema. Isiposhuka, baadhi ya vituo humrudisha chumba cha upasuaji ndani ya siku chache, kabla kovu halijakomaa.