Kicheko cha Foleni: Soga za Afisini na Uhakiki wa Ucheshi

Watahiniwa wengi wakiulizwa waeleze umuhimu wa ucheshi katika kazi ya fasihi hujibu kwamba unaburudisha, unachangamsha na unamvutia msomaji. Jibu hilo si kosa, ila halitoshi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kicheko cha mwananchi anayengojeshwa na afisi ya umma ni ushahidi. Kinahifadhi muda aliopoteza, gharama aliyotumia na jina la kosa alilotendewa. Mhakiki asiyeutazama ushahidi huo hajauhakiki ucheshi, ameutaja tu.

Mifano yetu tumeichota Ewuaso Kedong, upande wa magharibi wa Kaunti ya Kajiado. Eneo hili ni la wafugaji, na makao makuu ya kaunti yako mbali, mjini Kajiado, kando ya barabara ya Namanga. Mkazi wa Kitengela akiambiwa "njoo kesho" huteremka kwa barabara hiyo hiyo moja na kurudi. Mkazi wa Ewuaso hana budi kuzunguka kupitia Kiserian na Isinya, alipe nauli mara kadhaa, na amtafute mtu wa kumchungia mifugo. Hadi mwaka wa 2013 wakazi hawa walihudumiwa na Baraza la Kaunti ya Olkejuado. Baada ya uchaguzi wa Machi mwaka huo, serikali za kaunti zilichukua nafasi ya mabaraza. Ugatuzi ulinuiwa kuzisogeza huduma karibu na mwananchi, lakini foleni, muhuri na saini havikutoweka. Anayengoja naye hakuacha kupiga soga.

Hebu tutazame soga nne ambazo mwalimu anaweza kuzisikia dukani, kwenye matatu au chini ya mgunga siku ya soko.

Ya kwanza ni ya mzee aliyeulizwa fomu yake ina muda gani afisini. Akajibu: "Niliipeleka mbuzi huyu akiwa tumboni mwa mamake. Leo yeye ni nyanya." Mtahiniwa atakimbilia kuandika "chuku". Asubiri kidogo. Mbuzi hubeba mimba kwa takriban miezi mitano, na hazai kabla ya kukomaa. Mbuzi kuwa nyanya ni jambo la miaka, si la majuma. Mfugaji anayesikiliza huipiga hesabu hiyo papo hapo. Kinachoonekana kuwa chuku huenda kikawa tarehe kamili, iliyotajwa kwa kalenda ya mifugo. Hapa ucheshi unahifadhi kumbukumbu ambayo pengine haipo katika faili yoyote.

Ya pili ni lakabu. Karani mmoja hutundika koti lake kitini asubuhi, kisha haonekani tena hadi jioni. Wakazi wamemwita "Bwana Koti", na mtu akitoka huko huulizwa: "Umemkuta mwenyewe au umehudumiwa na koti?" Lakabu hii ni kejeli inayobeba shtaka mahususi la utoro kazini. Haimsemi karani kwa umbo, ukoo wala lugha yake. Inamsema kwa tendo lake, na hiyo ndiyo tofauti kati ya kejeli yenye maadili na matusi.

Ya tatu inamhusu mzee aliyeambiwa kuwa mtandao umeanguka. Akasema: "Si mngetuita mapema! Ng'ombe akianguka kiangazi tunamwinua, wawili mkiani, wawili pembeni. Mtandao wenu umelala wapi?" Ujinga huu ni wa kujifanya. Mzee analichukua neno la kitaalamu, analirudisha katika maana yake ya kawaida, na kwa kufanya hivyo anafichua tofauti ya bidii. Mfugaji hukesha akimwinua ng'ombe mmoja dhaifu, ilhali afisi nzima imekaa ikiutazama mtandao ulioanguka. Kinaya kimo katika ulinganisho huo.

Ya nne ni ya wanafunzi wenyewe. Wanaposubiri basari husema kwamba hundi imeondoka makao makuu kwa miguu, na njiani imesimama kunywesha ng'ombe. Tamathali hapa ni tashihisi. Hata hivyo, anayeitamka ni mwanafunzi anayejua kwamba hundi ikichelewa atarudishwa nyumbani kutafuta karo huku wenzake wakisoma. Anacheka ili asilie mbele ya darasa. Jibu la mtihani linalosema "inachekesha" na kuishia hapo litakuwa halijamsikia mtoto huyu.

Je, ucheshi wa namna hii hauwezi kuwa dawa ya usingizi, watu wakacheka leo na kesho wakarudi kwenye foleni ile ile? Swali hili ni la haki, na tamthilia mbili zilizowahi kutahiniwa nchini zinatusaidia kulijibu.

Katika Mstahiki Meya ya Timothy Arege, iliyochapishwa mwaka wa 2009 wakati Kenya ingali na mameya na madiwani, mji wa Cheneo umelemewa na matatizo huku Meya akihangaikia mapokezi ya wageni. Daktari Siki anapodai dawa za wagonjwa hupewa ahadi badala ya dawa. Ahadi hiyo ni ile "njoo kesho" tunayoijua. Neno "mstahiki" katika anwani ni kinaya, kwa kuwa matendo ya Meya hayastahiki heshima hiyo. Lakini wafanyakazi wa Cheneo hawaishii kwenye kejeli. Wanagoma. Kicheko chetu sisi wasomaji kinatuandaa kuuelewa mgomo huo.

Katika Kigogo ya Pauline Kea, kwa upande mwingine, Ngurumo na walevi wenzake wa Mangweni wanawacheka Tunu na Sudi, watu wanaodai haki, ilhali soko la Chapakazi limefungwa. Kicheko hicho kinamtumikia mtawala. Kwa hiyo kipimo ni hiki: kicheko kinamlenga nani? Kikimlenga anayechelewesha haki, kinashtaki. Kikimlenga anayeidai, kinalaza watu. Soga nne za hapo juu zote zinaelekea upande wa kwanza, ingawa yoyote kati yake yaweza kugeuka ikibaki mazoea tu.

Mwalimu anaweza kulikamilisha somo kwa kukumbusha kwamba Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na wasimamizi wa umma kwa haraka, kwa ufanisi na kwa haki. Afisi ikitoa uamuzi unaomwathiri vibaya, ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa mujibu wa kifungu hicho, mzee wa mbuzi hakuwa akiomba hisani. Hesabu yake ya mifugo ikiandikwa kwa tarehe na kuwasilishwa rasmi, inakuwa malalamishi yanayostahili jibu.

Tunapendekeza kwamba mtahiniwa anayejibu swali la ucheshi ataje mbinu iliyozua kicheko, aonyeshe nani anamcheka nani, aeleze ukweli uliohifadhiwa ndani yake, kisha atoe uamuzi iwapo kicheko hicho kinashtaki au kinalaza. Asiite jambo chuku kabla ya kulipima.

Zoezi
1. Kusanya soga mbili kuhusu huduma za umma katika eneo lako bila kutaja majina halisi ya watu. Bainisha mbinu zilizotumika. (alama 6)
2. "Lakabu ni hukumu fupi ya jamii." Jadili ukirejelea mifano mitatu. (alama 6)
3. Linganisha kicheko cha walevi wa Mangweni katika Kigogo na soga ya mzee aliyetaka kuuinua mtandao. (alama 8)