Mama Aliyefungwa, Mtoto Aliye Huru: Sanamu ya Gregory Maloba

Sisi walimu wa Kiswahili twahakiki tenzi, riwaya na tamthilia, lakini sanamu twaipita njiani, ilhali nayo ina fani na maudhui. Twapenda hapa kuitazama kazi moja ya Gregory Maloba, aliyezaliwa mwaka 1922 huko Mumias, magharibi mwa Kenya, na kufariki mwaka 2007.

Maloba alifunzwa sanaa Makerere na Bibi Margaret Trowell, mwasisi wa mafunzo hayo chuoni. Baadaye alisoma Uingereza, akarudi Makerere kufundisha, na katikati ya miaka ya 1960 akahamia Nairobi, akaendelea na kazi ya ualimu katika Chuo Kikuu. Mwaka 1941, akiwa bado kijana, alichonga katika mti sanamu aliyoiita Kifo. Miaka ishirini na mmoja baadaye alipewa kazi iliyo kinyume cha hiyo: kuonyesha kuzaliwa kwa taifa. Ndiyo Sanamu ya Uhuru iliyosimamishwa mjini Kampala mwaka 1962, yenye urefu wa mita sita hivi.

Umbo lake ni la mama aliyezungushiwa vitambaa kama vifungo, naye amemwinua juu mtoto aliyenyoosha mikono. Tafsiri iliyozoeleka ni kwamba mtoto ni taifa jipya, na vifungo ni ukoloni. Tafsiri hiyo si potofu, ila ni pungufu, kwa sababu yamtazama mtoto peke yake. Mama je? Mtoto yu huru, lakini aliyemwinua bado ana vifungo mwilini. Lau msanii angetaka shangwe tupu, angeweza kuviangusha vifungo vyote miguuni pa mama. Hakufanya hivyo. Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye uzito wa kazi hii: uhuru umepatikana, ukombozi haujakamilika, na mzigo wa kuuinua uko mabegani mwa wale ambao bado hawajafunguliwa.

Hatusemi kwamba Maloba alitabiri mambo. Hata hivyo, Katiba ya uhuru ilipofutwa mwaka 1966, na jeshi liliponyakua serikali mwaka 1971, waliopita mbele ya sanamu ile walikuwa na sababu ya kuvitazama vifungo kuliko mikono ya mtoto. Tukumbuke pia kwamba mchongaji mwenyewe alizaliwa katika nchi iliyopata uhuru wake Desemba 1963. Aliwaundia jirani zake sanamu ya uhuru hali kwao bado kulikuwa koloni.

Kasoro haikosi. Kumfanya mwanamke kuwa ishara ya nchi ni desturi iliyochakaa, na mara nyingi humsifu mama wa mfano huku ikimsahau mama wa kweli, aendaye kisimani na shambani. Lakini vifungo vile vyamwokoa Maloba na lawama hiyo kwa sehemu kubwa, kwani havituruhusu kumsahau.

Sanamu hii imechapwa katika noti za Uganda zilizotolewa mwaka 2010, hivyo hata mwanafunzi asiyefika Kampala aweza kuitazama. Mwalimu na ampe noti darasani, amwulize kwanza si "Mtoto ni nani?" bali "Nani amembeba, na kwa nini hajafunguliwa?" Jibu litakalopatikana litafaa pia katika usomaji wa riwaya zetu za uhuru.