Rebecca au Rowena? Wasomaji wa Ivanhoe na Ugomvi Usiokwisha

Mpenzi msomaji, huenda umewahi kumaliza riwaya ukaifunga kwa hasira. Si kwamba riwaya yenyewe ni mbaya, la. Ni kwa kuwa mwandishi amemnyima mhusika uliyempenda kile ulichoona ni haki yake. Wanafunzi wetu huja darasani na hasira hiyo, nasi walimu mara nyingi huizima kwa sentensi moja: "Hilo halitahiniwi." Makala haya yanakusudia kuitetea hasira hiyo, na papo hapo kuiwekea masharti.

Mfano wetu ni Ivanhoe, riwaya ya Walter Scott wa Uskoti. Ilitoka Desemba 1819, ingawa ukurasa wake wa kwanza ulibeba mwaka 1820. Si kitabu teule cha Kiswahili, wala hatukuleti hapa ili ukikariri. Tumekichagua kwa sababu wasomaji wamekizozania kwa zaidi ya miaka 200, na mengi ya mazozano hayo yako kwenye maandishi.

Kwa faida ya asiyekisoma, hadithi ni hii. Tuko Uingereza karibu na mwaka 1194. Mfalme Richard amekwenda katika Vita vya Msalaba na kuishia kifungoni ng'ambo. Nduguye John anakinyemelea kiti. Zaidi ya karne moja imepita tangu Wanormani kutoka Ufaransa waiteke nchi mwaka 1066, na Cedric, kabaila wa Kisaksoni, bado hajakubali kushindwa. Amemlea Rowena, binti wa ukoo wa kifalme, na anataka kumwoza Athelstane ili utawala wa kale ufufuke. Mwanawe mwenyewe, Wilfred wa Ivanhoe, anampenda Rowena na amemfuata mfalme wa Kinormani vitani. Babaye amemkana. Ivanhoe anarudi kwa siri, anashiriki mashindano ya mikuki huko Ashby, anajeruhiwa, na anayemtibu ni Rebecca, binti wa Isaac wa York, Myahudi mkopeshaji fedha. Baadaye Rebecca anatekwa na Bois-Guilbert, askari-mtawa wa shirika la Templar aliyepofushwa na tamaa. Anashtakiwa kwa uchawi, na nusura achomwe moto. Ivanhoe anafika kumpigania. Rebecca anaokoka.

Kisha Ivanhoe anamwoa Rowena. Hapo ndipo kelele zilipozuka.

Scott alizisikia. Katika utangulizi wa mwaka 1830 alikiri kwamba wapo wasomaji, hasa wa kike, waliomlaumu kwa kutomwoza Rebecca kwa Ivanhoe. Jibu lake lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, chuki za zama zile zingeifanya ndoa hiyo kuwa karibu na muhali. Pili, mhusika mwenye hadhi ya juu hushushwa, hapandishwi, mwandishi anapoulipa wema wake kwa starehe za dunia. Hakutaka vijana wadhani kwamba kila ajizuiaye kutenda mabaya hupewa anachokitamani. Ni jibu zuri. Nitaeleza hivi punde kwa nini halinitoshi.

Halikumtosha Thackeray pia. Mwaka 1850 alichapisha Rebecca and Rowena, kitabu kifupi cha dhihaka kinachoendeleza hadithi pale Scott alipoiachia. Humo Rowena ni mke mkali, mwenye wivu, asiyechoka kumsimanga mumewe kwa ajili ya Rebecca. Mwishowe Ivanhoe anampata Rebecca na kumwoa. Wasomaji wenye kiu wakanyweshwa. Lakini itazame bei iliyolipwa: kabla ya harusi, Rebecca anakuwa Mkristo. Yule msichana aliyesimama mbele ya kuni za kuchomea watu bila kuikana dini yake, anaiacha ili hadithi ipate kufungwa vizuri. Thackeray alikuwa akicheka, najua, na huenda kicheko chake kiliwalenga hao hao waliotaka harusi. Hata hivyo ametuonyesha jambo ambalo mhakiki hana budi kulishika: ukitaka kuubadilisha mwisho wa kitabu, hesabu ni nini kingine kitakachobadilika nao.

Wapo wasomaji wengine ambao ndoa haikuwashughulisha. Mwanahistoria E. A. Freeman alilalamika kwamba Scott aliwapotosha watu kwa kuonyesha Wasaksoni na Wanormani wakiendelea kuchukiana kama mataifa mawili hadi enzi za Richard. Naye Mark Twain, mwaka 1883 katika Life on the Mississippi, alimshambulia Scott kwa ukali wa kuchekesha: eti Cervantes alikuwa ameufagia upuuzi wa kusujudia wapanda farasi wenye deraya, Ivanhoe ikaurudisha, na watu wa majimbo ya kusini ya Marekani walilewa ndoto hizo kiasi kwamba Scott anabeba sehemu kubwa ya lawama ya vita vya 1861 hadi 1865. Hiyo ni chumvi nyingi mno kwenye mchuzi. Mimi husomesha Historia pamoja na Kiswahili, na sijaona namna ya kuitoa biashara ya watumwa na mashamba ya pamba katika vita vile nikakitia kitabu.

Katika madai ya kihistoria, lakini, Scott hana pa kujificha. Mwishoni Rebecca anasema anahamia Granada, ambako ami yake anapendelewa na mfalme Boabdil. Boabdil huyo alitawala karibu miaka 300 baadaye! Mtahiniwa akiniuliza kama kosa hilo linaiharibu riwaya, nitamjibu kwamba linaiharibu kama chanzo cha historia, na haliigusi kama kazi ya sanaa. Haya ni maswali mawili, na nusu ya ugomvi kuhusu kitabu hiki unatokana na watu kujibu moja wakidhani wanajibu jingine.

Sasa niungame kosa langu. Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa mlezi wa Chama cha Kiswahili katika shule niliyosomesha. Maktaba ilikuwa na nakala chache za Ivanhoe iliyofupishwa, kwa Kiingereza chepesi, na wanachama wakaisoma wakati wa likizo. Waliporudi niliwapa zoezi la kuandika kwa Kiswahili: eleza sifa za mhusika mkuu. Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu aliandika kurasa mbili juu ya Rebecca. Nikatia mstari mwekundu na kuandika pembeni: "Soma jalada!" Nilimpa alama 4 kati ya 20, na nilijiona mwerevu.

Alinijia ofisini na kitabu mkononi. Hakubishana. Aliuliza tu, "Mwalimu, mhusika mkuu anafanya nini?" Nikatoa jibu la vitabuni: ndiye anayeibeba dhamira na ndiye matukio yanamzunguka. "Basi Ivanhoe amelala," akasema.

Ilinibidi niende kutafuta riwaya kamili niisome upya. Naam, Ivanhoe amelala. Sehemu kubwa ya kitabu yu kitandani na jeraha lake. Ngome ya Torquilstone inaposhambuliwa, tukio kubwa kuliko yote, shujaa wetu hawezi hata kuinuka kuchungulia. Rebecca ndiye anayesimama dirishani, amejikinga kwa ngao kuukuu mishale ikipita, akimsimulia kinachoendelea nje kama mtangazaji wa mpira redioni. Vita vyote tunavipata kupitia macho yake. Katikati ya masimulizi hayo wanabishana. Ivanhoe anausifu utukufu wa vita; Rebecca anamuuliza utukufu huo humwachia nini mtu baada ya damu yote kumwagika. Ivanhoe anajibu kwa hamaki kwamba yeye si Mkristo, hivyo hawezi kuelewa. Je, hilo ni jibu? Yeyote aliyekaa kwenye mdahalo wa shule anajua maana yake: hoja zimekwisha.

Mwanafunzi wangu alikuwa na ushahidi. Nilichokuwa nacho mimi ni jalada. Walimu wenzangu, anwani ya kitabu haitoshi kumteua mhusika mkuu, na swali linaposema "Thibitisha", halimwambii mtahiniwa athibitishe alichokwisha kukisema mwalimu. Usinielewe vibaya. Sisemi kila maoni ni sawa. Mwenzake katika chama hicho hicho aliandika kwamba Rowena ni "mbaya na hana moyo". Hilo halimo kitabuni. Rowena wa Scott ni mpole na mwenye hadhi, na anabubujikwa na machozi De Bracy anapojaribu kumlazimisha ndoa. Kasoro yake ni ya kisanaa: ni mhusika bapa, hakui, na Scott hakumpa mgogoro wa ndani hata mmoja wa kutukumbusha tuendako. Kumchosha msomaji si dhambi ya mhusika. Mtahiniwa anayechanganya haya mawili apoteze alama, hata kama chuki yake kwa Rowena inafanana na ya Thackeray.

Turudi kwa jibu la Scott. Nimesema halinitoshi, nalo halinitoshi kwa sababu kitabu chake kinasema zaidi ya utangulizi wake. Itafute ile sehemu Ivanhoe anapozinduka na kumwona anayemuuguza. Kwanza anamtazama kwa mshangao na heshima, kama kijana atazamavyo uzuri. Rebecca anamwambia yeye ni Myahudi. Mara uso unabadilika. Heshima inabaki, lakini ni ile ya baridi, ya mtu anayemshukuru aliye chini yake. Rebecca anaona. Mwandishi hampi Ivanhoe neno hata moja la chuki, na hahitaji. Kwa hiyo si sheria za zama peke yake zinazoizuia ndoa, wala si falsafa ya wema usiolipwa. Ni mtazamo mmoja wa macho, wa mtu mwema, shujaa, tunayemshangilia. Mwandishi ametufanya tumpende mtu huyo, kisha akatuonyesha hilo. Msomaji anayekasirika mwishoni hakukosea njia. Scott mwenyewe ndiye aliyemfikisha hapo. Hata sentensi za mwisho zinadokeza kwamba Ivanhoe aliendelea kumkumbuka Rebecca kupita kiasi ambacho mkewe angekipenda.

(Kando kidogo, kwa walimu wa isimujamii: msikose mazungumzo ya Gurth, mchunga nguruwe, na chale Wamba katika sura ya kwanza. Wanagundua kwamba mnyama akiwa malishoni chini ya mtumwa wa Kisaksoni huitwa kwa Kisaksoni. Akishapikwa na kupelekwa meza ya bwana, anapata jina la Kifaransa. Sijaona mfano mzuri zaidi wa lugha na mamlaka, na unaeleweka na mtoto yeyote aliyewahi kuvishwa kigae shuleni kwa kuongea lugha ya mama.)

Nilimrudishia msichana yule karatasi na alama mpya. Ndipo aliponiambia jambo ambalo sijaliona likizungumzwa na waliotaka harusi, wala na waliompinga Scott kwa sababu za kihistoria. "Wote wanauliza ataolewa na nani. Rebecca anahama, Mwalimu." Familia yake, nilikuja kujua baadaye, ilikuwa imehama kwao mapema mwaka 2008, usiku, na vitu vichache juu ya lori.

Nilisoma tena sura ya mwisho kwa jicho lake. Rowena anamhakikishia mgeni wake kwamba hana la kuogopa Uingereza, kwa kuwa Ivanhoe anasikizwa na mfalme. Rebecca anakataa. Nchi hii, anasema kwa maana, ni ya watu wakali wanaogombana na majirani na wao kwa wao. Si mahali salama kwa watu wangu. Historia inampa haki. Mwaka 1190, miaka minne tu kabla ya wakati wa hadithi, Wayahudi wapatao 150 waliangamia katika ngome ya York, mji wa babake. Mwaka 1290 Mfalme Edward wa Kwanza aliwafukuza Wayahudi wote nchini. Kwa hiyo hata kama Ivanhoe angemwoa, angemwoa katika nchi isiyomtaka. Mjadala wa ndoa umewafunika wasomaji macho kwa muda mrefu, nami nikiwemo.

Basi, mtahiniwa, nakuachia kazi. Katika sura hiyo Rebecca amekuja kwa bibi harusi na kijaluba cha vito vya thamani. Anamwomba Rowena aufunue uso wake, amtazame mara moja. Rowena, kwa moyo safi, anamwalika abaki, abadili dini, wawe kama dada. Rebecca anajibu kwamba imani si vazi la kubadilishwa kila mtu anapohamia kwenye hali nyingine ya hewa. Anakiacha kijaluba, sauti inamkatika, anaondoka haraka. Yasome mazungumzo hayo neno kwa neno, kisha uandike ukurasa mmoja, ukitaja ushahidi: kati ya wanawake hawa wawili, ni nani aliyekuwa akimwonea mwenzake huruma?